Tripodi ya Safari kwa Kamera ya Mfukoni: Maneno kwa Wapiga Picha wa Bagamoyo

Wazee wetu, shikamooni. Waongoza wageni, wapiga picha wa harusi na wa ufukweni, wanafunzi wa sanaa, hamjambo. Karibuni sana, na waliokosa viti wasogee hapa mbele, mkekani pana nafasi.

Tumekuja kuzungumzia kitu kidogo ambacho wengi hununua mara mbili: ya kwanza kwa kukosea, ya pili kwa kujirekebisha. Ni tripodi, stendi ya miguu mitatu, ya kuchukua safarini pamoja na kamera ndogo. Mkisahau mengine yote, shikeni hili: mnapotafuta wepesi, punguzeni urefu, msipunguze unene. Maduka yanafanya kinyume. Yanawauzia stendi inayofika kichwani mwa mtu mzima, inayokunjika ikaingia kwenye mkoba, yenye uzito wa nusu kilo, na hayasemi kwamba mguu wa chini ni mwembamba kama kalamu.

Tuanze na kamera yenyewe. Sony RX100 VII ikiwa na betri na kadi ina gramu 302. Canon G7 X Mark III ina 304. Ricoh GR III ina 257. Fujifilm X100V, ambayo watu huiona nzito katika jamii hii, ina 478. Hakuna hata moja inayofika nusu kilo. Kwa hiyo mkiona boksi limeandikwa "hubeba kilo 8", someni, tabasamuni, endeleeni. Hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinalazimika kukifuata katika kuandika namba hiyo, na kwa mzigo wa gramu 300 karibu kila stendi ya dunia hii inatosha. Kamera ndogo haiangushi tripodi. Kinachoharibu picha ni mtikisiko: upepo, kidole kinachobonyeza, wimbi linalochimba mchanga chini ya mguu, sakafu inayocheza mtu akipita.

Tena wepesi wa kamera ni hasara upande huo. Kamera ya kilo mbili ikikaa juu ya stendi inaikandamiza ardhini. Kamera ya gramu 300 haikandamizi kitu, ni kama kuweka embe dodo juu ya fimbo tatu. Uthabiti wote inabidi utoke kwenye miguu.

Sasa unene. Mafundi wa vyuma wanaijua hesabu hii. Chukua mabomba mawili ya kitu kimoja, kuta zake zina unene uleule, tofauti ni kipenyo tu. Ukizidisha kipenyo mara mbili, bomba linakuwa gumu kupinda mara nane, maana ugumu unakwenda kwa mchemraba wa kipenyo. Urefu nao unafanya vivyo hivyo, ila kwa ubaya: mguu ukirefuka kwa nusu yake, ncha yake inapinda mara tatu na zaidi kwa nguvu ileile. Ndiyo maana sentimita 20 za mwisho za urefu zina gharama kubwa kuliko sentimita 20 za mwanzo.

Tripodi nyingi za safari zina mguu wa vipande vinne au vitano, kimoja kikiingia ndani ya kingine kama antena ya redio ya zamani. Kila kipande hupungua kama milimita 3 kuliko kilichotangulia. Ukianza na milimita 22 juu, cha pili ni 19, cha tatu 16, cha nne 13. Ukiongeza cha tano kinakuwa 10. Faida ya hicho cha tano ni kwamba stendi inakunjika fupi zaidi. Hasara yake mnaweza kuihesabu wenyewe: bomba la milimita 10 halifiki nusu ya ugumu wa lile la 13. Na hicho ndicho kinachogusa ardhi. Stendi nzima inategemea kipande chake kilicho dhaifu kuliko vyote.

Basi dukani msianze kwa kuangalia kichwa, pale kamera inapofungwa, wala rangi. Vuteni mguu wote, shikeni kipande cha mwisho, kipimeni. Wasio na rula watumie kidole: kipande cha mwisho kikiwa chembamba kuliko kidole cha mwisho cha mtu mzima, kiacheni. Kwa kamera ya mfukoni tunaona milimita 13 ndiyo chini kabisa kwa stendi ya kusimama. Anayepata 16 kwa uzito anaoweza kuubeba asiulize la pili.

Kuhusu urefu, hapa ndipo watu hubishana. Wanasema tripodi lazima ifike machoni. Ilikuwa kweli enzi za kuchungulia tunduni. Kamera nyingi za leo kioo chake cha nyuma hupinduka. Cha RX100 VII kinatazama juu na chini, kwa hiyo stendi ikiishia kifuani unaona kila kitu bila kuinama. Aliye na GR III, ambayo kioo chake hakisogei, atainama kidogo, au aunganishe simu aone picha humo. Stendi inayosimama sentimita 110 hadi 130 bila kuinua nguzo ya kati, lile bomba linalopanda katikati ya miguu, inatosha kazi zote za hapa Bagamoyo.

Na msisitizo uko kwenye maneno hayo, bila kuinua nguzo ya kati. Boksi likisema sentimita 150, ulizeni: na nguzo ikiwa chini? Mara nyingi mtakuta 120. Zile 30 zilizobaki ni bomba moja lililosimama peke yake juu ya miguu mitatu, na hapo hamna tripodi tena, mna fimbo. Nguzo ya kati ni ya dharura, kwa mfano ukuta umekuzuia na huna njia nyingine. Nguzo inayotoka kabisa ni nzuri zaidi, maana ukiiondoa unapunguza uzito na stendi inaweza kulala karibu na ardhi.

Kwa mfano wa namba halisi: kampuni ya Peak Design wana tripodi ya safari yenye vipande vitano. Ya kaboni ina kilo 1.27, ya alumini kilo 1.56, zote zikikunjwa zina sentimita 39 hivi, na zinasimama kama sentimita 130 nguzo ikiwa chini. Tofauti ya kaboni na alumini hapo ni gramu 290, yaani uzito wa kamera yenyewe. Ni stendi imara na ya gharama, na kusema kweli ni kubwa kuliko mahitaji ya mwenye kamera ya mfukoni. Tunaitaja ili mpate kipimo. Mnachotafuta nyinyi kina gramu 700 hadi kilo 1 na robo, kikikunjwa hakizidi sentimita 40. Urefu huo unaingia kwenye begi la mgongoni bila kutokeza juu. Stendi inayotokeza, kwenye daladala itamchoma mtu shavuni, na kwenye bodaboda itanasa tawi. Anayeenda visiwani au mbugani kwa ndege ndogo akumbuke kwamba nyingi zinaruhusu kilo 15 tu kwa mizigo yote. Hapo gramu 300 unazilipia kwa nguo.

Mama zetu wanajua kwa nini miguu ni mitatu. Figa moja haliinjiki chungu, mawili yanayumba, matatu yanakaa hata uwanja ukiwa na mashimo. Figa la nne lingeanza kucheza. Lakini faida hiyo inapatikana tu kama kila mguu unaweza kufunguka peke yake. Zile stendi za bei ndogo zinazopangwa Kariakoo, zenye vijiti vya plastiki vinavyounganisha miguu yote na nguzo ya kati, zimepoteza faida hiyo: mguu mmoja ukifunguka, yote inafunguka. Kwenye sakafu ya sebule hakuna neno. Kwenye mizizi ya mikoko au ngazi za mawe ya matumbawe, mguu mmoja utaning'inia. Zaidi ya hapo kichwa chake ni cha plastiki na meno ya kupandishia nguzo huliwa mapema. Kwa simu zinafaa. Kwa kamera yenye zumu ya milimita 200, ya kuvuta vitu vya mbali, hazifai, hata kama kamera ni nyepesi.

Stendi nzuri ya safari kila mguu una kizuizi chake pale juu, chenye hatua mbili au tatu. Hatua ya kawaida ni kama digrii 25 kutoka wima, ya mwisho inaulaza mguu karibu na ardhi. Nyingine miguu hupinduliwa juu na kukizunguka kichwa ili zikunjike fupi. Mtindo huo ni mzuri, ila una kasoro yake: kichwa kikiwa kinene, miguu haifungi vizuri, na mkibadilisha kichwa mjue hilo.

Tuje kwenye kichwa na skurubu, maana hapa ndipo kamera ndogo zinapoumia.

Kichwa kinachofaa ni cha gololi: mpira wa chuma ndani ya kikombe, unafunguliwa na kukazwa kwa kitufe kimoja. Kwa kamera hizi gololi ya milimita 25 hadi 30 inatosha. Kilicho muhimu ni kwamba ukikaza, picha isishuke. Jaribuni hivi: elekezeni kamera kwenye kona ya mlango, vuteni zumu yote, kazeni, ondoeni mkono. Kona ikishuka kwenye kioo, kichwa kinalegea na kitakusumbua daima. Kichwa chenye mkono mrefu wa kuzungushia, cha video, kinaongeza gramu 200 au zaidi na hukunjika vibaya. Anayepiga video za ngoma kila wiki anakihitaji. Mwingine asijitwishe.

Skurubu ya kamera ni robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi, dunia nzima. Maana yake kila mzunguko mmoja unaingia milimita 1.27. Sony wanaandika kwenye kitabu chao cha maelekezo kwamba skurubu isizidi milimita 5.5. Fanyeni hesabu: mizunguko minne na umefika mwisho. Ukikuta skurubu bado inazunguka baada ya hapo, unasukuma kitako cha kamera kutoka ndani. Na ukikuta skurubu ndefu kwenye stendi ya bei nafuu, wekeni washa ya raba katikati, msilazimishe. Kukaza ni kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa sarafu. Zaidi ya hapo unavua nyuzi za tundu, na tundu la kamera ndogo likivuliwa, fundi wa kulirudisha ni wa kutafuta.

Baadhi ya stendi zina skurubu nene ya inchi tatu kwa nane. Hiyo ni ya kuunganisha kichwa na miguu, au ya kamera kubwa. Kuna kipete kidogo cha shaba kinachobadilisha kutoka nene kwenda nyembamba. Nunueni viwili, vinapotea.

Bamba la kuchomoa, lile linalofungwa chini ya kamera, liwe la mtindo wa Arca-Swiss, upana wa milimita 38 hivi. Sababu ni ya kibiashara tu: ukilipoteza, utapata jingine la kiwanda chochote. Stendi yenye bamba la umbo lake peke yake, siku bamba limebaki hotelini una miguu mitatu isiyo na kazi. Lakini bamba refu ni adui wa kamera ya mfukoni. Tundu la skurubu aghalabu liko karibu na mlango wa betri na kadi, na bamba la sentimita 5 au 6 linaufunika. Betri za kamera hizi ni ndogo, mtazibadilisha mara mbili kwa siku, na kila mara mtafungua skurubu. Tafuteni bamba la mraba la sentimita 4 kwa 4, na kabla ya kulipa lifungeni kwenye kamera, fungueni mlango wa betri mbele ya muuzaji.

Jingine: bamba laini kupita kiasi litaruhusu kamera ijizungushe mtakapoilaza kwa picha ya wima. Kipande cha raba ya tyubu ya baiskeli, kilichokatwa kwa umbo la bamba na kutobolewa katikati, kinamaliza shida hiyo. Kisiwe kinene.

Sasa bahari. Ndugu zetu wa Dodoma au Iringa wanaweza kuruka sehemu hii. Sisi hatuwezi.

Kaboni na alumini, ipi? Kaboni ni nyepesi, haipati kutu, na mtikisiko unafia ndani yake haraka kuliko kwenye alumini. Wengi wanaishia hapo na kusema kaboni ndiyo ya pwani. Sivyo kabisa. Viungo vya stendi ya kaboni ni alumini, na kaboni ikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, haraka kuliko ingekuwa peke yake. Unga mweupe unaouona kwenye kiungo ndio huo. Kisha mabomba ya kaboni yameshikwa kwenye viungo kwa gundi, na gundi haipendi kuachwa ndani ya gari lililofungwa juani. Kwa hiyo kaboni kwa mwenye uwezo na mwenye kuosha, alumini kwa mwenye kutaka kitu cha kugongwagongwa. Alumini ikijikunja mnaiona; kaboni ikipasuka inapasuka.

Vibano, vile vinavyofunga vipande vya mguu visiteleze, ni vya aina mbili. Vya kupindua, kama kishikio, na vya kuzungusha, kama kifuniko cha chupa. Vya kupindua unaona kwa macho kama vimefungwa, na vikilegea vinakazwa kwa ufunguo wa pembe sita ambao mafundi huuita alenki. Lakini vinatokeza na kunasa nguo. Vya kuzungusha ni vyembamba, vinafungwa vyote kwa mkono mmoja stendi ikiwa imekunjwa, na nusu mzunguko ikitosha kufunga ni dalili nzuri. Shida yake ni mchanga. Chembe moja ikiingia kwenye nyuzi mtaisikia ikisaga. Mkiisikia, simamisheni kazi hapohapo, msiendelee kuzungusha.

Kusafisha ni hivi. Stendi iliyogusa maji ya bahari ioshwe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, siku ileile, kesho haingojei. Anzeni kipande cha chini. Fungueni kibano mpaka mwisho, vuteni bomba nje taratibu, maana kwenye kichwa chake cha juu kuna vipande viwili vya plastiki vyembamba vilivyopinda, vina kinundu kinachoingia kwenye tundu la bomba. Vikidondoka kwenye mchanga mmepoteza mguu. Fanyeni kazi hiyo juu ya beseni au khanga iliyotandazwa. Osheni nyuzi kwa mswaki wa zamani na sabuni kidogo, suuzeni, anikeni kivulini. Kisha grisi nyeupe, kiasi cha punje ya mchele kwa kila kibano, kwenye nyuzi tu, bomba lenyewe libaki kavu. Msitumie mafuta ya nazi wala ya kupikia: yanaganda, yanashika mchanga, na baada ya mwezi kibano kinakataa kufunguka. Kila mguu urudishwe na vipande vyake. Msifungue miguu mitatu kwa pamoja.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuosha. Nchi kavu tunafundisha kwamba uanze kuvuta kipande kinene cha juu, chembamba kiwe cha mwisho, ili stendi iwe ngumu. Kwenye mchanga wenye maji pindueni kanuni hiyo: vuteni kwanza kipande cha chini kabisa, chote. Kibano chake kitakaa juu, mbali na mchanga na maji, na bomba tupu ndilo litakaloloana. Mnapoteza ugumu kidogo, mnaokoa kibano. Na mkitoka majini msikirudishe kipande hicho ndani kikiwa na mchanga, kifuteni kwanza.

Mchanga wa ufukwe wetu una tabia yake. Maji yanapokupwa unabaki mgumu kama sakafu kwa dakika chache, ukidhani umepata mahali. Wimbi dogo likirudi linachimba chini ya kila mguu na stendi inazama taratibu picha ikiwa bado inapigwa. Msifungue miguu mpaka mwisho wa kizuizi. Ifungueni robo tatu, kisha isukumeni chini kwa uzito wa mkono mpaka igome. Miguu inapozama hutaka kutanuka, na ikiwa tayari imefika mwisho wa kizuizi, nguvu zote zinakwenda kwenye bawaba za juu. Mchanga mkavu wa juu unataka kitu kipana chini ya mguu: vifuniko vitatu vya makopo, au nusu za vifuu vya nazi, navyo hapa havinunuliwi. Siku za bamvua, maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakianza kujaa kwenye ufukwe ulio bapa kama huu yanakimbia. Mwacha stendi akaenda kunywa kahawa atairudia ikiwa imelala.

Upepo nao una ratiba. Alfajiri mara nyingi ni shwari, na jua linatoka baharini kati ya saa 12 kasoro kidogo na saa 12:40 asubuhi kutegemea mwezi. Kadiri jua linavyopanda, upepo unaamka. Wakati wa kusi, hasa Juni mpaka Agosti, adhuhuri stendi ya kilo moja ufukweni inatetemeka kama unyasi. Punguzeni urefu, pigeni mkiwa mmepiga magoti, na elekezeni mguu mmoja kule upepo unakokwenda. Ondoeni mkanda wa kamera, au uzungusheni kwenye kichwa. Mkanda unaopepea ni tanga, na watu wa majahazi hawahitaji kuelezwa tanga hufanya nini. Stendi nyingi zina ndoano chini ya nguzo. Watu hutundika begi hapo likaning'inia na kubembea, halafu wanashangaa picha zimezidi kuharibika. Begi liguse ardhi, uzito uwe umevutwa tu. Mfuko wa mchanga wa kilo mbili unafanya kazi vizuri kuliko begi, na mnaumwaga mkimaliza.

Mtu mmoja ameleta swali kwenye karatasi: nimenunua tripodi, mbona picha za majahazi jioni bado zina ukungu? Bila kuiona picha tunasema kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni kidole. Tumieni saa ya kamera, ile inayochelewesha kupiga, na kwa stendi nyepesi sekunde 2 ni chache. Wekeni 5 au 10, mtikisiko ufe kwanza. Kizuia mtikisiko cha ndani ya kamera kizimeni pia, maana kwenye baadhi ya kamera kikikosa mtikisiko wa kuzuia hutengeneza wa kwake. Pigeni moja kikiwa kimewashwa na moja kimezimwa, zikuzeni, mtajua kamera yenu ni ya kundi gani. Ya pili ni kwamba jahazi lililotia nanga halijatulia, linacheza na maji. Tripodi inatuliza kamera, haitulizi bahari. Shata, mlango wa mwanga wa kamera, ikikaa wazi sekunde 2, ngome na minazi vitakuwa vikali, jahazi litakuwa moshi. Ngojeni maji mafu na asubuhi ya shwari, au pigeni majahazi yaliyokaa mchangani maji yakiwa yamekupwa. Lenzi nayo msiifunge sana. Kwa kihisi, kile kibamba kinachonasa mwanga, cha saizi iitwayo inchi moja, tundu la lenzi likiwa dogo kupita f/8 picha yote inaanza kulainika. ISO, namba ya kamera kuhisi mwanga, iwe 100 au 125, tundu f/4 au f/5.6, na shata iende inakotaka.

Dukani, mbali na kupima kipande cha mwisho, fanyeni mambo matatu. Vuteni miguu yote, fungeni vibano, kisha kandamizeni kichwa kwa uzito wa mkono wote: mguu ukiteleza kurudi ndani, basi. Shikeni kichwa mkizungushe kushoto na kulia kama mnafungua kopo. Chuma kinacheza au kinagoma? Mwisho wekeni kamera, vuteni zumu, gongeni mguu kwa kidole na muhesabu mpaka taswira itulie. Sekunde mbili, nzuri. Ikipita nne, mshukuruni muuzaji. Muuzaji anayekataa kipimo hiki anaijua stendi yake.

Kuna wasiohitaji stendi ya kusimama hata kidogo. Kwa GR III na mtu anayetembea siku nzima, stendi ndogo ya mezani ya gramu 200 hadi 400 yenye miguu minene mifupi ni bora kuliko stendi ndefu iliyokonda. Utaiweka ukingoni mwa dirisha, juu ya boti, juu ya boneti ya gari. GorillaPod 1K, yenye miguu ya kujisokota, imetengenezwa kwa mzigo wa kilo 1. Kamera hizi ziko ndani ya kiwango, ila viungo vyake hulegea kwa matumizi, na kamera ikilazwa upande inainama polepole. Na tafadhali, magofu ya Kaole yana nguzo na kuta za karne nyingi: miguu ya kujisokota isifungwe kwenye nguzo ya kaburi, wala miiba ya chuma isichomekwe sakafuni pa msikiti. Wekeni raba, na muulize mlangoni kabla hamjafungua stendi.

Bei ndogo kuliko zote ni mfuko. Fundi cherehani anashona mfuko wa kitenge kizito, sentimita 20 kwa 15, wenye zipu. Jazeni mchele robo tatu, ukijaa kabisa haushiki umbo la kamera. Safarini uchukueni mtupu, mchele mtaununua mfikapo na kuupika mkiondoka. Kwa unyevu wa hapa ubadilisheni kila baada ya wiki chache, wadudu hawana heshima kwa vifaa.

Mezani zipo stendi nne, na rula iko pale. Tukate makundi manne. Kila kundi livute mguu mmoja, lipime kipande cha mwisho, liandike milimita kwenye karatasi kabla ya kugusa kichwa. Ile nyeusi ndefu iliyoko pembeni ni ya milimita 10. Ianzeni kwa kuigonga.